Amberd: ngome iliyobadili mikono mezani kabla ya vitani

Juu ya kijiji cha Byurakan, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Aragats nchini Armenia, barabara huiacha miti ya matunda, ikapita malisho ya wachungaji, kisha ikaingia katika nchi ya mawe matupu. Huko, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, zimesimama kuta nyeusi za Amberd: boma la ghorofa tatu lililobomoka sehemu kubwa, minara iliyokatika vichwa na, mteremkoni hatua chache chini yake, kanisa dogo lililo zima. Swali la kwanza analojiuliza mgeni ni nani aliyelivunja boma akaliacha kanisa. La pili huja taratibu: ngome iliyojengwa kwa gharama hii, mahali pagumu namna hii, iliwezaje kumponyoka kila aliyeimiliki?

Jibu la haraka ni vita, na vita vilikuwepo. Lakini ukiifuata historia ya Amberd hatua kwa hatua, utakuta kwamba mambo mengi yaliyoiamulia hatima yalifanyika mbali na kuta zake. Ilinunuliwa kwa fedha mara mbili. Ufalme iliokuwa ikiulinda ulitolewa kwa barua. Na ukoo wa mwisho kuimiliki uliendelea kuwa na mali na heshima hata baada ya ngome yenyewe kuwa gofu.

Ulimi wa jabali

Waliochagua mahali hapa walijua kuisoma ardhi. Aragats ni volkano iliyozimika, yenye vilele vinne, na kilele kirefu kinafika mita 4,090. Hakuna mlima mrefu kuliko huo ndani ya mipaka ya Armenia ya leo. Maji ya theluji yake yamechimba makorongo marefu kuelekea bondeni. Mawili kati ya hayo, la mto Arkashen na la mto Amberd, yanakutana na kuacha katikati yao ulimi wa jabali wenye pembe tatu. Pande mbili za ulimi huo ni magenge. Mshambuliaji anabakiwa na upande wa tatu, ule unaoungana na mlima, na huko ndiko mabwana wa Amberd walikoelekeza nguvu zao za ujenzi.

Hali ya hewa nayo ilishika zamu. Kwa urefu huo theluji hukaa miezi mingi, na hata leo barabara ya kwenda Amberd hufungwa na theluji wakati wa baridi. Jeshi lililotaka kuizingira lilikuwa na miezi ya joto tu ya kufanya kazi hiyo. Likichelewa, farasi wangekosa majani na watu wangelala juu ya barafu. Waliokuwa ndani, wakiwa na nafaka na kuni za kutosha, walichotakiwa kufanya ni kungoja.

Kutoka ngomeni macho hushuka hadi bonde la Ararat na mashamba yake, na ng'ambo ya bonde, ndani ya Uturuki ya leo, huonekana Mlima Ararat wenye mita 5,137. Wapiga picha wa siku hizi huja kwa ajili ya mandhari hiyo. Kwa walinzi wa Zama za Kati, mandhari hiyo ilikuwa doria. Upande mmoja wa Aragats kuna uwanda wa Shirak na mji wa Ani, ambao tangu mwaka 961 ulikuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Bagratuni. Upande wa pili kuna bonde la Ararat na Dvin, mji mkongwe wa biashara ambao kwa muda mrefu ulikuwa mikononi mwa watawala Waislamu. Aliyekaa Amberd alikaa kati ya miji hiyo miwili, akiona vumbi la msafara au la jeshi kabla halijamfikia.

Ngome ya kwanza mahali hapa huhesabiwa kuwa ya karne ya 7, na huhusishwa na ukoo wa Kamsarakan, mmoja wa koo kubwa za mabwana wa Armenia. Karne zipatazo nne baadaye ardhi hiyo na ngome yake vilinunuliwa na ukoo mwingine, Pahlavuni. Ndio waliojenga sehemu kubwa ya Amberd tunayoiona.

Basalti, chokaa na kifusi

Boma la Pahlavuni lilijengwa sehemu ya juu ya ulimi ule, likachukua eneo la mita za mraba zipatazo 1,500. Mawe yake ni basalti, jiwe jeusi la volkano, gumu kuchonga lakini lisilokwisha pale Aragats, kwa sababu mlima wenyewe ndio uliolitapika. Waashi hawakuhangaika kulisafisha sana. Walilichonga uso kwa kiasi tu, wakalipanga kwa safu.

Mahali ukuta ulipopasuka ndipo ufundi unapojionyesha. Ukuta wa Kiarmenia wa wakati huo ulijengwa kama kuta mbili nyembamba zinazotazamana, moja ya nje na moja ya ndani, na pengo la katikati likajazwa kifusi cha mawe kilichomwagiwa chokaa mbichi. Chokaa ikishakauka, kitu chote kinakuwa mwili mmoja. Ndiyo maana utaona sehemu ambazo mawe ya uso yameng'oka au yamechukuliwa, na tumbo la ukuta limebaki limesimama peke yake, kijivu, lenye kokoto, gumu karibu sawa na mwamba. Ujenzi huo ulifaa pia kwa nchi ya matetemeko, kwa kuwa ukuta ulioshikamana hivyo hutikisika kwa pamoja badala ya kumwagika jiwe moja moja.

Ndani, ghorofa mbili za chini zilikuwa na vyumba vitano vilivyopangwa kwa mstari. Ghorofa ya juu ndiyo iliyokuwa ya wakubwa: kumbi za kupokelea wageni na vyumba vya kulala vya mabwana wa ngome. Sakafu za mbao zilizogawa ghorofa hizo hazipo tena. Anayeingia leo huona kuta zikipanda moja kwa moja hadi angani, na madirisha yamening'inia mahali ambapo hakuna mtu awezaye tena kusimama na kuchungulia. Nje, minara ya mviringo imeshikamana na ukuta upande unaohitaji ulinzi zaidi. Mviringo una faida yake: jiwe lililorushwa na mtambo wa adui huteleza ubavuni, na mlinzi aliye juu hana pembe iliyofichika machoni pake.

Hiyo ni ngome ya dunia isiyojua bado mizinga. Ukuta wake ni mrefu kuliko ulivyo mnene, kwa kuwa adui aliyetarajiwa alikuja na ngazi, mishale, moto na njaa.

Maji ya moto katikati ya theluji

Dhidi ya njaa ngome huweka akiba ya nafaka. Kiu haisubiri hivyo, na kwa Amberd, iliyoning'inia juu ya makorongo, maji yalikuwa chini sana au juu sana. Wajenzi walichagua yaliyo juu. Waliyateka kwenye chemchemi za mlimani, wakayaleta kwa mabomba ya udongo wa kuchoma kwa umbali wa kilomita kadhaa, yakiteremka kwa uzito wake yenyewe hadi ngomeni na kujaza birika la akiba. Adui aliyegundua bomba hilo angeweza kulikata, na hilo wenyeji walilijua. Kwa hiyo palikuwepo pia njia ya siri ya kushuka korongoni hadi mto Arkashen.

Sehemu ya maji hayo ilikwenda kwenye jengo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: hamamu. Ni jengo dogo la vyumba viwili, kila kimoja na kuba lake. Moto uliwashwa katika tanuri, na hewa ya moto ikapita chini ya sakafu ya mawe kabla ya kutoka nje, hata sakafu na chumba kizima vikapata joto bila moshi kuingia ndani. Aliyewahi kuzuru Hamamni, Mji Mkongwe wa Zanzibar, bafu za umma zilizojengwa enzi ya Sultani Barghash katika karne ya 19, ataielewa kazi hiyo mara moja, kwani ni ufundi wa ukoo mmoja.

Hamamu hiyo inaeleza jambo ambalo minara haielezi. Watu waliokuwa wakijibanza kwa hofu hawajengi bafu lenye kuba mbili na sakafu ya moto kwenye mlima wa theluji. Amberd ilikuwa nyumba ya watu wenye uwezo, waliotaka kuishi vizuri hata wakiwa kazini, na waliokuwa na hakika kwamba watakaa hapo muda mrefu.

Kanisa la 1026 na barua ya 1022

Hakika hiyo imeandikwa kwenye jiwe. Kanisa la Amberd, liitwalo Vahramashen kwa jina la mwenye kulijenga, lina maandishi yaliyochongwa yanayomtaja Vahram Pahlavuni na mwaka wa 1026, yaani mwaka 475 kwa kalenda ya Waarmenia wa wakati huo, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 552. Wala usitafute tarakimu: Waarmenia waliandika hesabu kwa herufi zilezile za alfabeti iliyobuniwa na Mesrop Mashtots mwanzoni mwa karne ya 5.

Jengo lenyewe ni msalaba uliofichwa ndani ya kuta za mraba. Kwa ndani mikono ya msalaba inakutana chini ya kuba, na katika pembe nne wajenzi wakaweka vijumba vya ghorofa mbili mbili, ili hata nafasi iliyobaki isipotee. Kwa nje, kuba limekaa juu ya shingo ndefu yenye pande nyingi, na paa lake limekunjwakunjwa kuanzia nchani hadi ukingoni, hivyo mwanga wa jua hupiga kunjo moja na kuliacha la pili katika kivuli. Ni mtindo uliopendwa sana na wajenzi wa shule ya Ani. Kando ya boma lenye mawe yaliyochongwa nusunusu, kanisa linaonyesha kwamba uzembe haukuwa tabia ya waashi wale: palipotakiwa ustadi waliutoa.

Vahram hakuwa bwana wa mashambani tu. Alikuwa amiri jeshi mkuu wa ufalme wa Ani, cheo ambacho Waarmenia walikiita sparapet. Ndugu yake Vasak alikuwa amekufa vitani miaka michache kabla ya kanisa kujengwa, na mtoto wa Vasak, Grigor Magistros, alikuja kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa Armenia, mfasiri wa Plato na mwandishi wa barua zilizohifadhiwa hadi leo. Kwa ukoo huo, upanga na kalamu vilikaa nyumba moja.

Lakini wakati waashi wa Vahram wakipandisha kuta za kanisa, ufalme aliokuwa akiutumikia ulikuwa umekwisha kuahidiwa kwa mtu mwingine. Mwaka 1022 mfalme Hovhannes-Smbat wa Ani, akiwa amebanwa na Milki ya Bizanti kwa sababu ya vita vya Georgia, alimtuma Petros, mkuu wa Kanisa la Armenia, hadi Trebizond kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Alichobeba Petros kilikuwa wosia: mfalme akifa, Ani na nchi yake viende kwa Kaisari Basil II na warithi wake. Hakuna ukuta uliobomolewa. Mbegu ya anguko ilipandwa kwa wino.

Hovhannes-Smbat alifariki mwaka 1041, na Bizanti ikaja kudai deni lake. Ndani ya Ani walikuwepo waliotaka kulilipa, akiwemo Vest Sargis, mtu mkubwa katika jumba la kifalme. Kikulacho ki nguoni mwako. Vahram, mzee sasa, alikataa. Aliongoza upinzani, majeshi ya Bizanti yakarudishwa nyuma nje ya kuta za mji, na mwaka 1042 kijana Gagik II, mpwa wa marehemu mfalme, akatawazwa.

Kilichoshindikana kwa jeshi kikafanyika kwa mwaliko. Kaisari Konstantino IX alimwita Gagik Konstantinopoli kwa mazungumzo. Kijana akaenda, akazuiliwa huko, akalazimishwa kuachia taji, akapewa mashamba Kapadokia kama fidia. Mwaka 1045 Ani ikakabidhiwa kwa Bizanti, na Petros yuleyule aliyepeleka wosia akawa miongoni mwa waliofungua milango. Katika kipindi hichohicho Vahram aliuawa akiwa pamoja na mwanawe Grigor, katika vita vya kuuwania mji wa Dvin, vita ambavyo safari hii alivipigana upande wa Bizanti.

Bizanti ilipata ngome nyingi bila kupata watu wa kuzilinda, maana mabwana wengi wa Armenia walihamishiwa mashamba ya mbali upande wa magharibi. Grigor Magistros alikuwa mmoja wa waliobadilisha ardhi zao namna hiyo, akapewa madaraka katika utumishi wa Kaisari. Waturuki Waseljuki walipokuja, walikuta milango mizuri na walinzi wachache. Ani ilianguka kwa Sultani Alp Arslan mwaka 1064. Mwaka 1071 jeshi la Bizanti likavunjwa vipande huko Manzikert, na katika miaka hiyohiyo ya 1070 Amberd nayo ikawa kituo cha Waseljuki.

Mnunuzi wa 1215

Zaidi ya karne moja ilipita. Ukombozi ulitoka kaskazini, kwa Malkia Tamar wa Georgia, ambaye majeshi yake yaliongozwa na ndugu wawili Waarmenia, Zakare na Ivane Zakarian. Mwaka 1196 waliichukua Amberd, mwaka 1199 Ani, na mwaka 1203 Dvin. Miji ilifufuka, misafara ikarudi barabarani, na pamoja na misafara ikarudi fedha.

Fedha hiyo ilizaa aina mpya ya bwana. Vache Vachutian hakutoka katika koo za kale kama Kamsarakan au Pahlavuni. Alipanda kwa utumishi wake kwa Wazakarian, akapewa madaraka juu ya nchi ya Aragats, na mwaka 1215 akainunua Amberd. Kuta zikaimarishwa upya. Inafaa kulitafakari neno hilo, kununua. Ngome iliyokuwa na minara, birika, hamamu na kanisa ilipita kutoka mkono hadi mkono kwa makubaliano, kama shamba lenye nyumba.

Vache na mkewe Mamakhatun hawakuweka mali yao yote katika ngome. Mwaka huohuo wa 1215 Vache alijenga kanisa la Saghmosavank kwenye ukingo wa korongo la mto Kasagh, kisha akageukia Hovhannavank, mwendo mfupi kutoka hapo, ambako kanisa kuu lilijengwa kati ya 1216 na 1221. Mamakhatun naye alijenga monasteri ya Tegher, mteremkoni mwa mlima uleule wa Aragats. Ndani ya miaka michache ukoo huu mpya ulikuwa umeweka jina lake kwenye mawe ya eneo zima.

Mwaka 1236 Wamongolia wa jemadari Chormaqan waliingia Armenia. Ani ilitekwa na watu wake wengi wakauawa. Amberd ilivunjwa, na haikurudi tena kuwa makao ya mabwana. Kwa mtawala mpya, ngome ya mlimani iliyo mikononi mwa mwenyeji ni uasi unaosubiri siku yake, na ikishavunjwa haimsumbui tena. Kanisa halirushi mishale. Hapo ndipo lilipo jibu la swali la mgeni: boma lilipigwa kwa sababu lilikuwa na kazi, na kanisa likabaki.

Wavachutian walifanya walichofanya mabwana wengi wa wakati huo, wakapatana na wenye nguvu, wakalipa kodi, wakaendelea. Mwaka 1255, miaka 19 baada ya uvamizi, Kurd Vachutian, mtoto wa Vache, pamoja na mkewe Khorishah waliongeza jengo jipya huko Saghmosavank. Halikuwa mnara wala ukuta wa ulinzi. Lilikuwa maktaba, chumba cha kuhifadhia miswada. Ukoo ulioshindwa kuilinda Amberd ulikuwa bado na fedha za waashi, na ukachagua kuzitumia kwa vitabu.

Gofu linavyosomeka leo

Karne nyingi baadaye, Amberd ilikuwa ya wachungaji na mifugo yao. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1936 chini ya Hovsep Orbeli, mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Hermitage la Leningrad, ambaye ujanani alijifunza kazi hiyo katika magofu ya Ani. Vifusi vilitoa vyombo vya udongo, vioo na vitu vya chuma, na ramani ya ngome ikaanza kueleweka: boma, kuta, mabomba, hamamu. Kanisa lilikarabatiwa baadaye katika karne hiyohiyo ya 20. Mwaka 1946, kijijini Byurakan, mwanafizikia Viktor Ambartsumian alianzisha kituo cha kuchunguza nyota, na mteremko wa mlinzi ukawa pia mteremko wa wachunguzi wa nyota.

Anayekwenda huko aende katika miezi ya joto, njia ikiwa wazi, na asianze na boma ingawa ndilo linalovuta macho. Aanze na kanisa, ayatazame maandishi ya Vahram, akikumbuka kwamba yalichongwa miaka minne baada ya mfalme wake kuandika wosia wa kuitoa nchi. Kisha apande kwenye kuta zilizopasuka, aone chokaa na kifusi vinavyoshikamana hadi leo, na ahukumu mwenyewe kama kosa lilikuwa la waashi. Akishuka, ageuze njia hadi Saghmosavank, aingie katika chumba cha Kurd na Khorishah. Siku hiyo moja itamtosha kulinganisha ulinzi wa aina mbili, ule uliotegemea ugumu wa jabali na ule uliotegemea kujua lini kupatana na nini cha kuokoa. Wavachutian walivijaribu vyote viwili ndani ya miaka 40, na chumba chao cha vitabu kingali na paa.